Sura ya 7: Nani Ana Haki ya Kusema Bado?

Majaribio ya kupokea mfumo ndiyo hatua ambapo mteja, wala si mtengenezaji, anaamua kama programu aliyoilipia inafaa kuanza kazi. Miradi mingi huipanga hatua hii mwishoni kabisa, siku zimekwisha na fedha nazo zimekwisha. Hapo hakuna tena cha kuamua, kimebaki kutia saini tu.

Tarehe 26 Oktoba 1992, huduma ya magari ya wagonjwa ya London iliwasha mfumo mpya wa kompyuta. Jiji lilikuwa na wakazi wapatao milioni 6.8, na kila siku ziliingia simu kati ya 2,000 na 2,500. Kompyuta ilitakiwa ijue kila gari liko wapi, kisha ilitume lililo karibu zaidi na mgonjwa. Asubuhi ile kulikuwa na kasoro 81 zilizokwisha kuorodheshwa na hazijarekebishwa, na mfumo mzima haukuwa umepimwa kwa mzigo kamili wa kazi. Wahudumu walibonyeza vitufe vya garini bila kufuata mpangilio ambao kompyuta iliutarajia, taarifa za mahali magari yalipo zikapotoka, na magari mawili yakatumwa kwa mgonjwa mmoja. Waliochoka kusubiri wakapiga simu tena, foleni ikazidi kurefuka. Keshoye mchana chumba cha udhibiti kikarudia utaratibu wa zamani kwa sehemu kubwa.

Nasisitiza hili la vitufe, kwa sababu hapo ndipo mpango mzuri unapoanzia. Mtengenezaji hujaribu programu kwa kufuata njia aliyoijenga mwenyewe. Dereva aliyekesha kazini, mgonjwa amelala nyuma, hafuati njia hiyo. Kwa hiyo matukio ya majaribio yaandikwe pamoja na watumiaji wenyewe, tena wakati mahitaji yanaandikwa, kabla mkataba haujasainiwa. Kila hitaji liwe na kipimo chake. “Mfumo uwe wa haraka” haipimiki. “Wapokeaji simu 40 wakiingiza taarifa kwa pamoja, kila mmoja apate jibu ndani ya sekunde 3” inapimika, na mkandarasi hawezi kuibishia.

Kamati zetu za kupokea vifaa zimezoea kuhesabu viti na kukagua kama vimevunjika. Programu haionyeshi ufa wake mpaka ibebeshwe mzigo. Ndiyo maana mpango utaje mashine zinazofanana na zile za kazi halisi, data inayofanana na ya kweli, na siku nzima ya kuigiza kazi, pamoja na saa yake mbaya kuliko zote. Utenge muda wa duru mbili angalau, maana duru ya kwanza huibua kasoro, na marekebisho yake nayo lazima yajaribiwe. London walilijua hili kwa uchungu tarehe 4 Novemba, mfumo ulipoganda usiku wa manane. Kipande kidogo cha programu, kilichoachwa ndani wiki tatu kabla wakati wa marekebisho, kilikuwa kikila kumbukumbu ya kompyuta bila kuirudisha. Mashine ya akiba haikupokea kazi. Nayo haikuwa imejaribiwa ipasavyo.

Lililo gumu zaidi ni madaraka. Andikeni mapema kasoro za aina gani zitazuia uzinduzi, na zipi zinaweza kuvumiliwa kwa muda. Kisha mtajeni kwa cheo mtu mmoja atakayesema “bado”, naye asiwe yule aliyeahidi tarehe kwa wakubwa. Mkisubiri mpaka wiki ya mwisho, kila kasoro itaonekana ndogo, kwa kuwa mialiko ya uzinduzi imeshatumwa.

Mfumo uliofuata wa London ulianza kazi Januari 1996. Safari hii huduma yenyewe ndiyo iliyoujenga, ikauingiza hatua kwa hatua, na watumishi wa chumba cha udhibiti wakashirikishwa.