Winchi ya nanga: usibane pesa kwenye waya

Wanaovusha shehena kati ya Kigoma, Bujumbura na Kalemie wanaijua adha ya kuvuta nanga kwa mikono upepo ukivuma. Winchi ya umeme inaiondoa, ila ubahili kwenye waya unaweza kuunguza boti pamoja na mzigo.

Hesabu ni hii. Winchi ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 83 hivi, na nanga ikinasa huzidi. Betri ikiwa tezi na winchi omo, umbali wa mita 10 ni mita 20 za shaba, kwenda na kurudi. Waya wa milimita 10 za mraba utakula karibu volti 3 njiani: mota inalegea, waya unachemka. Wa milimita 70 hula chini ya nusu volti. Bei yake inauma, kweli, lakini iweke kando ya bei ya shehena.

Sakiti breka ifungwe karibu na betri, si omo. Wakati wa kung'oa nanga washa injini ili oltaneta isaidie betri, na uisogeze boti kwa injini. Winchi ni ya kuinua mnyororo, si ya kukokota chombo. Ukishatia nanga, mnyororo ufungwe kwenye nguzo imara ya sitaha, winchi isibebe mawimbi usiku kucha.