Joto na Halijoto: Mlango wa Kuingilia Themodinamiki

Vijana wengi wanaoanza masomo ya uhandisi huingia chuoni wakiamini kwamba somo gumu kuliko yote litakuwa hisabati. Baada ya majuma machache hukutana na somo jingine ambalo hesabu zake ni nyepesi, mara nyingi kujumlisha, kutoa na kugawanya tu, na hata hivyo huwashinda. Somo hilo ni themodinamiki, yaani elimu ya joto, kazi na mageuzi ya nishati. Mwandishi wa makala haya naye lilimshinda mwanzoni. Nia yetu hapa ni kumwonyesha mwanafunzi wa sekondari, pamoja na mwalimu wake, ni wapi hasa watu hujikwaa.

Neno moja, maana mbili

Kikwazo cha kwanza kimo katika mazungumzo yetu ya kila siku. Twasema chai ina joto, na twasema jua hutuletea joto. Neno ni lilelile, lakini mhandisi hana budi kutenganisha mambo mawili. Halijoto ni kipimo cha jinsi kitu kilivyo cha moto au cha baridi. Husomwa kwenye kipimajoto. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye halijoto kubwa kwenda kitu chenye halijoto ndogo.

Tuchukue kikombe chenye gramu 200 za chai kwa nyuzi 80 za Selsiasi, na pipa lenye kilo 200 za maji vuguvugu kwa nyuzi 40. Vyote viwili vikipoa hadi nyuzi 25, chai itatoa kilojouli 46 hivi, ilhali maji ya pipa yatatoa kilojouli 12,600. Kikombe kitakuunguza ulimi, lakini pipa ndilo lenye akiba kubwa ya nishati, zaidi ya mara 270.

Daftari la nishati

Sheria ya kwanza ya themodinamiki yafanana na daftari la mwenye duka: kinachoingia, ukitoa kinachotoka, ni sawa na kinachoongezeka ndani. Nishati haiumbwi wala haipotei. Katika miaka ya 1840 Mwingereza James Joule alipima jambo hili kwa uzito ulioshuka na kuzungusha makasia ndani ya maji. Maji yakapata moto bila kuwekwa mekoni.

Msomaji aweza kulihakikisha hilo kwa pampu ya baiskeli. Ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma mpini kwa nguvu mara nyingi. Pampu itapata moto, japo hakuna moto uliokaribia. Kazi ya mkono wako imeingia katika hewa na kupandisha halijoto yake.

Lakini daftari halina maana kama hatujui duka ni la nani. Kwa hiyo mhandisi huanza kwa kuchora mpaka kuzunguka kile anachokichunguza, nacho hukiita mfumo. Jiulize: friji ikiwashwa mlango wake ukiwa wazi, ndani ya chumba kilichofungwa kisichopitisha joto, je, chumba kitapoa? Wanafunzi wengi hujibu ndiyo. Chora mpaka kwenye kuta za chumba. Kinachovuka mpaka huo ni umeme tu, nao unaingia. Basi chumba kitazidi kupata joto.

Niliwahi kuletewa na kijana mmoja mchoro wa mota inayozungusha dainamo, na dainamo hiyo iipe mota umeme, kisha ziada iwashe taa za kijiji. Alikwisha kununua vifaa kwa fedha alizowekewa za karo. Hakuwa mjinga, mikono yake ilikuwa hodari kuliko yangu. Alikosa somo moja tu. Sheria ya kwanza hairuhusu ziada hiyo. Hata bila taa, msuguano na nyaya zinazopata moto zingeisimamisha mashine yake.

Maji yakimwagika

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hapo ndipo ilipo sheria ya pili. Chai iliyoachwa mezani hupoa; haijapata kuonekana chai inayonyonya joto la chumba na kuanza kuchemka yenyewe, ingawa daftari la sheria ya kwanza lingekubali. Mambo ya asili yana upande yanakoelekea. Mjerumani Rudolf Clausius alikipa kipimo cha mwelekeo huo jina la entropia mwaka 1865.

Kwa mhandisi, sheria hii ina gharama. Mwaka 1824 Mfaransa kijana, Sadi Carnot, alionyesha kwamba injini yoyote ya joto lazima itupe sehemu ya joto lake mahali penye baridi zaidi, na kwamba upeo wa ufanisi wake hutegemea halijoto mbili tu: ile inakopokea joto na ile inakolitupa. Ndiyo sababu mvuke wa ardhini wa Olkaria, nchini Kenya, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981, hugeuka umeme kwa sehemu ndogo kuliko mvuke wa bwela lenye moto mkali. Faida yake ni kwamba hautaki kuni, makaa wala mafuta.

Kosa langu

Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, tulipewa swali la mtambo unaopokea joto kwa nyuzi 527 za Selsiasi na kulitupa kwa nyuzi 27. Niligawanya 27 kwa 527, nikatoa katika moja, nikapata ufanisi wa asilimia 95. Nilifurahi mno. Mwalimu aliandika kando: "Sifuri yako iko wapi?"

Sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda tu. Uwiano wa halijoto lazima uanzie kwenye sifuri halisi, iliyo nyuzi 273 hivi chini ya hapo. Kwa kipimo cha Kelvini halijoto zetu ni 800 na 300, na upeo ni asilimia 62.5. Mhandisi anayeahidi 95 atajenga mtambo usioweza kutimiza ahadi, na taifa litalipa.

Kwa walimu

Yafaa basi tusiwape vijana kanuni za kukariri kabla ya kuwauliza maswali matatu: mpaka wa mfumo uko wapi? Nini kinaingia na nini kinatoka? Sifuri ya kipimo ni ipi? Pampu ya baiskeli, sufuria na kipimajoto vyatosha kuanzia. Kijana atakayezoea kujiuliza hivyo hatapotea atakapokutana na hesabu za mitambo, wala hatauza karo yake kwa ajili ya mashine isiyoweza kuwako.