Hesabu ya Unga: Wapagazi wa Vita vya 1914–1918 (Sehemu ya Pili)

Makala iliyopita iliishia pale reli iliyoanzia Voi ilipoungana na reli ya Wajerumani ya Tanga hadi Moshi, mwaka 1916. Hadi hapo kazi ya wahandisi wa Kiingereza ilikuwa na mpangilio: kufyeka njia, kulaza mataruma, kuvuta maji kwa mabomba kutoka milima ya Bura. Jenerali Smuts alipolisukuma jeshi kusini, kuelekea Reli ya Kati na hatimaye Rufiji, mpangilio huo ulivunjika. Wajerumani walilipua madaraja wakirudi nyuma, mbung'o wakawamaliza farasi na nyumbu, na mvua ikayazamisha malori matopeni. Kilichobaki kubebea mzigo kilikuwa kichwa cha mtu, na tangu hapo, kwa maoni yangu, unga uliamua mambo mengi kuliko risasi.

Tupige hesabu. Mpagazi alibeba takriban kilo 25, na posho yake ilikaribia kilo moja ya unga kwa siku. Mtume safari ya siku kumi katika nchi isiyo na chakula cha kununua: atakula kilo 10 akienda na 10 akirudi, askari atapata 5. Sogeza kambi mbele siku tatu zaidi, na mzigo wote utaishia tumboni mwa aliyeubeba, na bado atakudai. Kuweka maghala njiani kulirahisisha safari tu, hakukuifuta hesabu, kwani unga wa ghala la mbele nao ulifikishwa na mtu aliyekula. Jeshi lilibakiwa na njia mbili, kuongeza watu au kupunguza posho, nalo likazifuata zote mbili. Sheria ya 1915 iliruhusu kuwashurutisha wanaume wa Kenya ya leo kuingia kazini, na msako mkubwa ukafuata 1917. Mwisho wa vita upande wa Waingereza ulikuwa umetumia wapagazi wapatao milioni moja. Kariakoo ya Dar es Salaam na ya Nairobi zimerithi jina la kikosi chao.

Unga wenyewe ulikuwa sehemu ya maradhi. Mtu aliyezoea ndizi au ulezi alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaupika jioni kwa kuni mbichi, mvua ikinyesha, akaula nusu mbichi kwa sababu alfajiri kuna safari. Kuhara damu kuliua wengi, pamoja na malaria na kichomi. Makadirio ya vifo vya wapagazi hao hukaribia 100,000, na waliopigwa risasi ni wachache mno kati yao.

Wapo watakaosema kwamba ninaupuuza ustadi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliyesalimu amri Novemba 1918 baada tu ya kusikia kwamba Ulaya imekwisha kuweka silaha chini. Siupuuzi, ninauliza ulikuwa ustadi wa kitu gani. Mwenye kurudi nyuma huyasogelea maghala yake, anayemfukuza huyaacha yake mbali. Nchi ilipokauka chakula, Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuliteka ghala la Wareno huko Ngomano. Yeye pia alikuwa mtumwa wa hesabu ileile, ila aliifupisha kwa kulihamishia jeshi palipo na chakula.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hapakuwa na njia nyingine ya kupigana katika nchi ile. Inawezekana. Lakini hesabu hiyo ingefanywa na karani yeyote wa ghala kabla jeshi halijaondoka Moshi, na anayeijua kisha akaamuru safari amekwisha kuchagua nani atakayelipa. Wala malipo hayakuishia kwa wapagazi. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa Ugogo, na mvua ilipokosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoendelea kuua hata baada ya mizinga kunyamaza.