Pepo za Nyota Tatu za Jauza

Baina ya Disemba na Machi, baada ya sala ya Isha, kila ainuaye macho katika pwani yetu huziona nyota tatu zilizopangana mstari mmoja. Wataalamu wa dunia nzima hata leo huziita Mintaka, Alnilam na Alnitak, na majina hayo asili yake ni Kiarabu: la kwanza na la tatu maana yake mshipi, na la kati ni lulu zilizotungwa uzini.

Uso wa jua letu una joto la kadiri ya digrii 5,500. Joto la nyota hizi hupita digrii 20,000. Mwaka 1965 ilirushwa roketi huko Marekani kwenda juu ya hewa ya dunia, kwani hewa huzuia nuru fulani isiyoonekana kwa jicho. Katika nuru hiyo Donald Morton na wenziwe waliona dalili ya pepo zitokazo katika nyota hizo kwa mwendo upitao kilomita 1,000 kwa sekunde. Kizisukumacho ni nuru yenyewe: huzigonga chembe za chuma, kaboni na naitrojeni, nazo hukokota zilizobaki.

Je, pepo hizo hutoka sawasawa pande zote? Jawabu limo katika mtikiso wa nuru. Mtoto akitikisa kamba iliyopita baina ya nondo mbili za dirisha zilizosimama, mtikiso wa juu na chini hupita, na wa kando huzuiwa. Hivyo ndivyo wapimavyo nuru kwa kioo maalumu. Nuru ikigonga elektroni za upepo na kuruka, hutikisika zaidi kwa upande mmoja. Upepo ukiwa sawa pande zote, mitikiso hiyo hufutana. Ukiwa mafungu mafungu, hubaki ziada kidogo. Katika miaka ya 1980 nyota kubwa za namna hii zilipimwa, na ziada hiyo ikaonekana kubadilika bila ya mpango. Basi upepo wake si sawasawa.

Twayaandika haya kwa kuwa wako bado wazazi wapelekao majina ya vijana wao kwa mpiga falaki, wakaambiwa nyota hazipatani, na posa ya watu wema ikavunjika. Yule hakutazama mbingu hata usiku mmoja. Amehesabu herufi za jina la kijana na la mamake. Mwenye kupima alikesha, wala hakusema ila alichokiona.

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Al-An'am kuwa nyota ni uongozi wetu gizani, barani na baharini. Tuulizieni dini na tabia za wachumba. Nyota hizi hupoteza mwili wake kila sekunde, na umri wake ni mfupi kuliko wa jua. Isiyoweza kujihifadhi yenyewe, itashikaje bahati ya binti yako?

Wabillahi taufiki.