Mtoto akiuliza habari za sayari, mzazi ujibu nini?

Hedaru. Umeme ukikatika usiku katika mji huu mdogo wa wilayani Same, kinachobaki ni taa za malori kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, na anga. Upande wa mashariki milima ya Upare imeziba nyota za chini, lakini magharibi, kuelekea bonde la Mto Pangani, kumefunguka kabisa. Watoto wanakaa nje wakisubiri chakula kiive, na hapo ndipo maswali huanza. Ile inayong'aa kuliko zote ni nini? Jua limekwenda wapi? Nyota ikianguka itatupiga?

Wazazi wengi hujibu “kamuulize mwalimu”. Si ajabu, kwani wengine walisoma zamani na baadhi ya majibu yamebadilika. Mimi huandika habari za afya, si za anga. Lakini mawili kati ya maswali haya huishia hospitalini, la mwezi na degedege na lile la kutazama jua, na hayo ndiyo nitakayoyakalia zaidi. Tuanze na mepesi.

Sayari ni nane au tisa?

Ni nane. Kama ulimaliza darasa la saba kabla ya mwaka 2006, ulikariri tisa. Agosti 24, 2006, mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliofanyika Prague, Jamhuri ya Cheki, uliamua kwamba Pluto ihesabiwe kuwa sayari kibete. Haikupotea wala haikulipuka, kama watoto wanavyodhani. Ipo kule kule ilikokuwa, imehamishiwa kundi jingine tu.

Kinachowachanganya zaidi wazazi wa Kitanzania ni majina. Kuanzia karibu na jua, sayari ni Utaridi (shuleni wengi huiita Zebaki), Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Lakini baadhi ya vitabu vya shule viliipa Pluto jina la Utaridi, yaani ile ya mwisho kabisa, wakati kwa Kiarabu, neno hilo lilikotoka, ni sayari iliyo jirani zaidi na jua. Humo pia mna Sumbula, Sarateni na Kausi. Haya kwa asili si majina ya sayari bali ya buruji, makundi ya nyota: Sumbula ni shuke, Sarateni ni kaa, Kausi ni upinde. Hiyo Sarateni ndiyo ndugu ya neno saratani tunalolitumia kwa ugonjwa.

Kwa hiyo mtoto akileta orodha isiyofanana na yako, msigombane. Kwenye mtihani aandike aliyofundishwa apate alama zake, nyumbani mweleze hii.

Nyota au sayari?

Kwa macho matupu tunaweza kuona sayari tano: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Njia rahisi ya kuzitambua ni kwamba nyota humetameta, sayari mwanga wake hutulia. Zuhura ndiyo inayong'aa kuliko vyote baada ya jua na mwezi, na huonekana jioni upande wa magharibi au alfajiri upande wa mashariki, kamwe si usiku wa manane. Kwa mtu wa Hedaru alfajiri mlima unaingilia, hivyo jioni ndiyo nafasi nzuri. Mirihi ina wekundu wa tofali. Pete za Zohali hazionekani bila darubini kubwa kidogo, ila darubini ya kawaida ya kutazamia wanyama inatosha kuonyesha miezi minne ya Mshtarii, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610.

Watoto hupenda sana habari za Zuhura. Inachukua siku 243 za hapa kwetu kujizungusha mara moja, lakini siku 225 tu kulizunguka jua. Tena inajizungusha kinyume, kwa hiyo huko jua huchomoza magharibi. Na ina joto la nyuzi 460 hivi, kuliko Utaridi iliyo karibu zaidi na jua, kwa sababu imefunikwa na hewa nzito ya kabonidayoksaidi isiyoruhusu joto kutoka.

Akiuliza jua liko mbali kiasi gani, usimtajie kilomita milioni 150 peke yake, hazimwambii kitu. Mwambie basi likitoka hapa stendi kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, bila kusimama hata kuchimba dawa, litafika mwezini baada ya siku 200 hivi. Kwenye jua litachukua zaidi ya miaka 210.

Mbona mlimani kuna baridi?

Hili ni swali la mtoto anayefikiri. Ukipanda kutoka Hedaru kuelekea Vunta unalisogelea jua, mbona unavaa sweta? Jibu ni kwamba hewa haipashwi moto na jua moja kwa moja kwa kiasi kikubwa, inapashwa na ardhi iliyopigwa na jua, na kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi na kupoa. Kwa kila kilomita moja ya kwenda juu joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Kilele cha Shengena, kirefu kuliko vyote Upare, kina mita 2,462. Hizo ni karibu kilomita mbili na nusu, mbele ya milioni 150 si chochote.

Kuna jaribio la bure hapa. Mwanzoni mwa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la Hedaru hupita juu kabisa ya utosi. Mchomekee mtoto kijiti kilichonyooka uani, akiangalie kati ya saa sita na saa saba mchana. Ataona kivuli kinafupika mpaka kinakaribia kuisha. Anatazama chini, kwenye kivuli, si juu.

Kuhusu nyota zinazoanguka, hizo si nyota. Ni vipande vya mawe, vingi havizidi punje ya mchanga, vinavyoungua vikiingia kwenye hewa yetu. Kikubwa hufika chini mara chache, na Tanzania tunacho kimoja maarufu duniani: Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, bonge la chuma lenye uzito unaozidi tani 10. Ukipata safari ya huko, mpeleke akakiguse.

Mwezi unaleta degedege?

Hapa sasa ndipo penye uzito. Bado wapo wanaoamini kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndio unaomwangusha mtoto, na kwamba ugonjwa wa namna hiyo si wa hospitali. Matokeo yake mtoto hufukizwa moshi, hupakwa dawa, hupelekwa kwa mtaalamu wa kienyeji, na saa zinakwenda.

Mwezi ni jiwe kubwa lisilo na mwanga wake lenyewe, linaakisi mwanga wa jua. Ni kweli una nguvu ya kuvuta. Wavuvi wa Tanga wanaijua vizuri, kwani bamvua huja mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mwandamo. Lakini nguvu hiyo inaonekana kwa sababu bahari ni kubwa mno. Kwa mwili wa mtoto wa kilo kumi haina la kufanya, na hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba mwezi husababisha degedege au kifafa. Usiku wa mbalamwezi watu wako nje, mtoto akianguka wengi wanaona na wanakumbuka. Akianguka usiku wa giza, hakuna anayeutaja mwezi.

Degedege kwa mtoto mdogo mara nyingi hufuatana na homa kali, na katika maeneo ya tambarare yenye malaria, malaria kali ni moja ya sababu za kwanza kufikiriwa. Inaweza pia kuwa homa ya uti wa mgongo au sukari kushuka. Zote zinahitaji kituo cha afya usiku huo huo, mwezi uwe mpevu au usiwepo kabisa.

Akianza kutetemeka mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, usimkandamize. Hata akitulia na kulala mpeleke, apimwe malaria na mengine. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, usisubiri atulie, safari ianze. Mtoto anayeanguka mara kwa mara bila homa huenda ana kifafa. Kifafa kina dawa, na povu la mgonjwa haliambukizi, hivyo asiachwe peke yake kwa kuogopwa.

Wajawazito nao huambiwa wasitoke nje mwezi au jua linapopatwa, ati mtoto atazaliwa na mdomo uliopasuka. Kupatwa ni kivuli tu. Mdomo sungura hutokea miezi ya mwanzo ya ujauzito kwa sababu za kurithi na nyinginezo, na kinachomsaidia mama zaidi ni kuwahi kliniki.

Jua likipatwa, macho yako hatarini

Kuna kupatwa kwa aina mbili, na mzazi anapaswa kuzitenganisha. Mwezi ukipatwa, Dunia ndiyo imeukinga na jua. Septemba 7, 2025 ilitokea hivyo, na kwa saa za kwetu mwezi mzima ulikuwa kivulini kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku, ukiwa na rangi ya shaba. Hilo unalitazama unavyotaka, hata mtoto mchanga halimdhuru.

Jua likipatwa, mwezi ndio umepita mbele yake, na hapo mambo ni mengine. Septemba 1, 2016 watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kuliona jua likibaki kama pete. Agosti 2, 2027, siku ya Jumatatu, jua litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika sita huko Luxor, Misri. Huku kwetu kaskazini mwa Tanzania litamegwa sehemu tu, mchana. Sehemu tu maana yake hakuna hata sekunde moja ya kulitazama kwa macho matupu.

Wengi hudhani siku hiyo jua hutoa mionzi mibaya ya pekee. Hapana, ni jua lile lile. Siku za kawaida ukali wake unatulazimisha kukwepa. Likimegwa, mwanga unapungua, jicho linavumilia, na mtoto anakodoa. Lenzi ya jicho inakusanya mwanga huo kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea picha, kama kioo cha kukuzia kinavyounguza karatasi. Retina haina mishipa ya maumivu. Mtoto haumii, halii, anarudi kucheza. Baada ya saa kadhaa, au kesho yake, ndipo anasema ubao una doa katikati.

Njia tulizozizoea hazifai: miwani ya jua, filamu ya eksrei, kioo kilichopakwa masizi, CD, beseni la maji. Simu nayo ina mtego wake, mtoto anaielekeza juu halafu anachungulia pembeni. Darubini ndiyo mbaya kuliko zote, inaunguza papo hapo. Kinachofaa ni miwani maalumu ya kupatwa kwa jua yenye kiwango cha ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo wala tundu. Ukiivaa ndani ya nyumba hupaswi kuona chochote, hata balbu ya kawaida inafifia mno.

Usipokuwa nayo, lipe jua mgongo. Toboa kadibodi kwa pini, elekeza kivuli chake kwenye karatasi nyeupe, na kijua kidogo kilichomegwa kitaonekana hapo. Au kaeni chini ya mwembe. Mwanga unaopenya kati ya majani utachora hilali nyingi ardhini, na watoto hufurahia hizo kuliko jua lenyewe. Vidole vya mikono miwili vikipishanishwa kama wavu hufanya kazi hiyo hiyo.

Kwa kuwa itakuwa Jumatatu mchana, ni vizuri kuongea na mtoto Jumapili jioni, na kumuuliza mwalimu wake mapema shule imejipangaje.

Mtoto akiwa ameshalitazama na analalamika ukungu, doa katikati au mistari iliyopinda, mpeleke hospitali yenye huduma ya macho. Kwa Same na Hedaru, rufaa kubwa ya karibu ni KCMC, Moshi. Hakuna dawa maalumu ya kuirudisha retina iliyoungua. Wengine hupata nafuu ndani ya wiki au miezi, wengine doa hubaki. Usimtie maziwa ya mama, chai, asali wala matone ya dukani kabla hajaonwa. Pima jicho moja moja: mzibe la kulia asome maandishi ya kitabu chake, kisha la kushoto, kwa sababu zima likifanya kazi ya mawili mtoto anaweza asijue kwamba jingine limepungua.