Seli Zinazoizuia Kinga Ndani ya Uvimbe

Wauza dawa wa stendi za mabasi hupenda kusema kwamba saratani huja kinga ikishuka, basi ipandishe. Mambo si mepesi hivyo. Ukitazama kwa hadubini kipande cha uvimbe wa tumbo, mara nyingi utazikuta chembe nyeupe za damu zimefika, tena kwa wingi. Ila hazipigani. Zimezuiwa, na aliyezizuia ni mwili wenyewe.

Wazuiaji wakuu huitwa seli T dhibiti. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kwamba panya wasio na seli hizi hushambuliwa na kinga yao wenyewe. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani wakaeleza jeni iitwayo FOXP3, ambayo baadaye ilithibitika ndiyo inayoziongoza. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2025. Utumbo unazihitaji seli hizi kuliko viungo vingi: humo hupita chakula kila siku na huishi bakteria matrilioni, na kinga ingevipiga vita vyote, kuta zake zingebaki vidonda.

Saratani hunufaika na upole huo. Uvimbe hutoa kemikali za kuziita seli dhibiti, nazo zikifika hufyonza intaleukini-2, ambayo seli za mapambano huitegemea ili ziongezeke, kisha humwaga kemikali nyingine za kuzipooza.

Katika saratani ya tumbo, wingi wa seli hizi kwa kawaida ni dalili mbaya. Kwenye utumbo mpana, tafiti kadhaa zimekuta kinyume chake, na hapa ndipo ninapoona somo lenyewe linanoga. Bakteria hupenya kwenye uvimbe, huamsha uchochezi, na uchochezi huo huukuza. Seli dhibiti zinazoutuliza huweza kuwa msaada. Tena, mwaka 2016 kundi la Sakaguchi lilionyesha kuwa baadhi ya seli zenye FOXP3 humo hazizuii chochote. Kuzihesabu tu hakutoshi.

Kuziondoa seli dhibiti mwili mzima nako kuna gharama. Hata kulegeza tu breki za kinga kuna hatari: ipilimumab, dawa inayofanya hivyo, huweza kusababisha uchochezi mkali wa utumbo, ndiyo maana watafiti sasa wanatafuta namna ya kuzilenga zilizo ndani ya uvimbe pekee. Mgonjwa aliye kwenye tiba ya aina hii akianza kuharisha, hasa akiona damu, asisubiri tarehe ya kliniki. Amwone daktari wake siku hiyohiyo.