Kitenzi Kisaidizi cha Kiingereza na Mwanafunzi wa Kisongo

Mwanafunzi wa Kisongo, magharibi ya mji wa Arusha, aghalabu huingia Kidato cha Kwanza akiwa na lugha mbili: Kimaasai au Kiarusha cha nyumbani, na Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali. Hapo hukabiliwa na fizikia na hisabati kwa Kiingereza. Akitakiwa kuunda swali juu ya jaribio, huandika: "Did the water boiled?" Alama nyekundu hufuata, na pengine mwanafunzi huhesabiwa kuwa mzito wa akili. Yafaa kosa hilo lichunguzwe kabla ya kulaumiwa.

Katika Kiswahili, kisaidizi "kuwa" kinapotangulia kitenzi kikuu, vyote viwili hubeba nafsi na wakati. Katika "maji yalikuwa yamechemka", kiambishi "ya-" kimetokea mara mbili. "-Li-" kimo katika kitenzi cha kwanza na "-me-" katika cha pili. Kiingereza hakifanyi hivyo. Wakati huonyeshwa mara moja tu, katika kitenzi kinachotangulia. "Did" ikiisha kuubeba wakati uliopita, "boil" hubaki tupu.

Mpangilio wa maneno nao ni mgeni. Swali la Kiswahili, "Je, maji yalichemka?", halibadili mahali pa kitenzi. Katika Kimaasai, kitenzi kwa kawaida humtangulia mtenda hata katika maelezo yasiyo swali. Kiingereza hukitanguliza kisaidizi ili kuuliza.

Hata hivyo, lugha ya kwanza isibebeshwe lawama zote. Watoto waliozaliwa katika Kiingereza nao hupita katika hatua ya kusema "Did he went?" Tena kanuni yenyewe haikuwako daima: Shakespeare aliuliza kwa "do" na pia bila "do". Mtaalamu wa Sweden, Alvar Ellegård, alichapa mwaka 1953 uchunguzi wa jinsi matumizi hayo yalivyokua.

Mwalimu aweza kufundisha kwa hatua tatu. Kwanza, iandikwe sentensi "The water boiled". Pili, wakati utolewe katika kitenzi na kukabidhiwa "did". Kitenzi kirudi kuwa "boil". Tatu, "did" ipelekwe mbele ya mtenda: "Did the water boil?" Kwa kukanusha, "not" hufuata kisaidizi: "The water did not boil."

Visaidizi "can", "may" na "must" navyo hufuatwa na kitenzi kitupu: "It must boil". "Have" hudai umbo jingine, ambalo si la wakati uliopita. Ndiyo maana husemwa "has gone", wala si "has went".

Mwanafunzi aliyeandika "did boiled" amekwisha kufahamu kwamba swali lahitaji kisaidizi, na kwamba tendo limepita. Limebaki jambo moja la kumweleza: wakati hubebwa mara moja.